Ndege Haitarudi Tupu

Kabla ya yote nieleze kwamba mimi ni mtumishi mtiifu wa Jamhuri ya Staha, mpiga mhuri daraja la tatu, na haya ninayoandika nayaandika kwa mapenzi mema tu. Nchini kwetu hakuna anayeisema vibaya serikali. Si kwamba imekatazwa. Ipo fomu kabisa ya kuomba ruhusa ya kuisema vibaya, yenye kurasa arobaini, na kila aliyeichukua alikata tamaa alipofika ukurasa wa kumi na mbili, panapotakiwa saini ya Waziri na picha mbili ndogo za Waziri akitabasamu.

Nafanya kazi katika Idara ya Kuwarejesha Nyumbani Wafungwa Walioko Nje. Ni idara kubwa. Tuna Mkurugenzi, manaibu wanne, madereva sita, jengo la ghorofa mbili, na bustani yenye bomba la kurusha maji juu ambalo hufunguliwa siku za ugeni. Kitu ambacho hatukuwa nacho mpaka mwaka juzi ni mfungwa. Wastaha ni watu wanaopenda kwao. Wakitaka kuiba huiba hapa hapa nyumbani, na wale wanaoiba sana hawafungwi. Kwa miaka kumi na moja idara yetu iliandika ripoti ya mwaka ikisema kwamba hakuna mfungwa hata mmoja aliyecheleweshwa, na kila neno la ripoti hiyo lilikuwa kweli.

Ndipo Mungu akatuletea Sadala.

Sadala alikuwa fundi cherehani aliyevuka Mto Kigeugeu kwenda kutafuta riziki kwa majirani zetu, Ufalme wa Gongwe. Wagongwe wana sheria moja wanayoipenda kuliko zote: Wimbo wa Mfalme ukipigwa, kila mtu asimame wima na asitikisike hata ukope. Redio yao huupiga kila siku saa sita mchana. Siku hiyo Sadala alikuwa akishona gauni la bibi harusi kwa cherehani ya miguu. Aliposikia wimbo aliinua mguu papo hapo, lakini anayeijua cherehani ya miguu anajua kwamba gurudumu halisimami kwa kuamrishwa. Lilizunguka kidogo, na sindano ikashuka mara tatu zaidi. Mahakama iliihesabu mishono ile kwa kioo cha kukuzia, mbele ya mashahidi. Mishono mitatu, miaka mitatu. Gauni lilichukuliwa kuwa kielelezo, na bibi harusi akaolewa kwa gauni la kuazima.

Sisi idarani tuliipokea habari hiyo kwa furaha kubwa. Naibu wa kwanza alitoa machozi. Faili likafunguliwa, jipya, la rangi ya kijani, na mimi ndiye niliyelipiga mhuri wa kwanza.

*

Wiki mbili baadaye akaja mama yake.

Bi Mwanakheri alikuwa mjane wa miaka themanini na moja, mpika vitumbua wa mtaa wa Tanuri, na Sadala ndiye mtoto pekee aliyemzaa. Alikuja na bakuli la kauri lenye maua ya buluu, limefunikwa kawa, na alikuwa akipapasa ukuta wa korido kwa mkono wa kushoto. Ana presha ya macho. Daktari alikuwa amemwambia kwamba macho yake yatamfikisha kwenye mavuno ya mahindi ya mwaka unaofuata, hayatavuka hapo, na kwa wakati ule yalikuwa yakiona umbali wa mkono mmoja tu. Kilichokuwa karibu kuliko hapo alikiona vizuri. Kilichozidi kilikuwa ukungu.

Alipoingizwa kwa Bwana Mkurugenzi, Hemedi Tangawizi, kulitokea kimya kidogo, kwa sababu kila mmoja alikuwa akimsubiri mwenzake amwamkie. Bwana Tangawizi ana miaka arobaini na sita na kwa kawaida angesema shikamoo. Lakini waraka namba saba unaeleza kwamba ofisa akiwa kazini ni serikali, na serikali ni mkubwa wa kila mtu. Basi Bi Mwanakheri akaelezwa waraka, akafikiri kidogo, akasema shikamoo serikali. Serikali ikaitikia marahaba.

Halafu akaeleza shida yake. Tulidhani angeomba mwanawe aachiwe, na jibu la kukataa tulikuwa tumeshaliandaa.

"Simwombei atoke jela," alisema. "Mfungeni hapa hapa. Mfungeni hata miaka kumi, mkipenda. Ninachotaka ni kumwona uso kabla macho hayajaniondoka."

Bwana Mkurugenzi alimwambia kwamba ombi lake limepokelewa kwa moyo mkunjufu, akampa fomu aijaze, jina, umri, alipozaliwa, akamwomba aje Jumanne ijayo. Akaja Jumanne ijayo. Akaja Jumanne zote za miezi saba.

Kila alipokuja alikuja na bakuli. Hapa lazima niseme habari ya desturi yetu, kwa faida ya msomaji wa mbali. Staha, jirani akikuletea chakula kwenye chombo chake, humrudishii chombo kitupu. Utatia mayai mawili, utatia ndimu, ukikosa kabisa utatia chumvi kwenye karatasi. Mtoto wa miaka mitano anajua hilo. Anayerudisha chombo kitupu husemwa mtaani mpaka ahame. Sisi idarani, kwa kuwa tulikuwa kazini na serikali haina jirani, tulikuwa tukila vitumbua vile na kumrudishia bakuli lake likiwa limekung'utwa vizuri. Bwana Mkurugenzi alichukua viwili kila Jumanne kwa ajili ya uchunguzi. Mimi mwenyewe siku moja nilikula vinne. Vilikuwa vya iliki, na kingo zake zilikuwa zimekauka kidogo, kama ninavyovipenda.

Mtu mmoja tu alifanya tofauti. Uani kwetu, chini ya dirisha langu, bendi ya Magereza hufanya mazoezi yake, na kiongozi wa bendi ni Sajini Limbanga, mpiga tarumbeta, mtu mnene na mpole ambaye hajapandishwa cheo tangu aoe. Bi Mwanakheri alimpa vitumbua vilivyobaki, Sajini akala, akatazama mfukoni, akatazama kwenye sanduku la tarumbeta, hakuona cha kutia. Aliona haya kweli kweli.

"Hili nabaki nalo, mama," akamwambia. "Kwetu halirudi hivi hivi. Siku nikipata kitu nitakuletea."

Kuanzia hapo Bi Mwanakheri akawa anakuja na bakuli la plastiki.

*

Mazungumzo ya Mkataba baina ya Jamhuri ya Staha na Ufalme wa Gongwe kuhusu Kuhamishana Watu Waliohukumiwa yalifanyika kwenye hoteli yenye bwawa la kuogelea. Gongwe walileta wajumbe tisa na hakimu mmoja, maana maofisa wao hawasafiri bila hakimu. Siku ya kwanza ilitumika kujadili umbo la meza. Siku ya pili ilijadili nani akae wapi kwenye meza hiyo. Siku ya tatu, wote wakiwa wamechoka, wakakubaliana mambo yote yaliyobaki kabla ya chakula cha mchana.

Ilikubaliwa kwamba Gongwe watamleta mfungwa kwa ndege ya Mfalme. Ilikubaliwa kwamba zulia jekundu litakalotandikwa mbele ya ngazi litakuwa la Gongwe na litahesabiwa kuwa ardhi ya Gongwe. Ilikubaliwa, kifungu cha kumi na nne, kwamba wimbo wa upande wowote ukipigwa, maofisa, askari, wageni waalikwa na wananchi watasimama bila kutikisika, na atakayetikisika juu ya ardhi ya mwenye wimbo atahukumiwa kwa sheria ya mwenye wimbo. Wafungwa hawakutajwa katika kifungu hicho. Walikuwa wameshaandikwa kwenye orodha ya mizigo, na hakuna nchi inayodai mizigo isimame wima.

Ndipo Bwana Tangawizi akasimama na kutoa ile hotuba ambayo sasa inafundishwa shuleni.

"Waheshimiwa," alisema, "ndege ni nini kama si chombo? Jirani ametuletea kitu chetu ndani ya chombo chake. Serikali ya Staha haijawahi, haitawahi, na haitafikiria kurudisha chombo cha jirani kikiwa kitupu."

Alipigiwa makofi dakika sita. Nilikuwa nimesimama mlangoni, mkononi nina bakuli la plastiki la Bi Mwanakheri, tupu, nikitafuta pa kuliweka ili nami nipige makofi.

Hivyo ndivyo kilivyozaliwa kifungu cha tisa, kisemacho kwamba ndege iliyoleta mfungwa haitarudi tupu. Gongwe walitia saini bila kuuliza, wakidhani kinahusu zawadi za korosho. Sisi tulipofika ofisini tukagundua kwamba kinahusu mfungwa. Ili Sadala ashuke, lazima Mgongwe aliyehukumiwa apande, na magereza yetu yote hayakuwa na Mgongwe hata mmoja. Tulikuwa nao watatu, lakini wote waliachiwa kwa msamaha siku ya kuzaliwa kwa Rais, pamoja na mbuzi waliokuwa wamekamatwa kwa kula maua ya Ikulu.

Manaibu wanne wakatumwa mijini na vijijini kumtafuta Mgongwe. Walimpata daktari wa meno, lakini alikuwa akimtibu Waziri na jino lilikuwa katikati ya kung'olewa. Walimpata mhubiri, akawaombea, wakashindwa kumkamata. Wiki zikapita. Bi Mwanakheri aliendelea kuja, na kila Jumanne mkono wake ulikuwa ukikaa ukutani muda mrefu zaidi.

*

Aliyepata ufumbuzi ni Bwana Mkurugenzi mwenyewe. Aliupata ndani ya faili letu la kijani, kwenye fomu ya Bi Mwanakheri, mstari wa tatu, panapoulizwa mahali pa kuzaliwa. Mama wa watu alikuwa ameandikisha kwa uaminifu: kijiji cha Mbigiri.

Sasa, mpaka wetu na Gongwe ni Mto Kigeugeu, na mto huo una tabia ya kuhama. Mbigiri leo iko kwetu. Lakini miaka themanini iliyopita, kabla ya gharika kubwa, mto ulipita upande huu wa kijiji, na kila aliyezaliwa humo alizaliwa Gongwe. Bi Mwanakheri alivushwa na wazazi wake akiwa na miaka mitatu, mgongoni. Mumewe alikuwa Mstaha, mwanawe kwa baba ni Mstaha, lakini yeye mwenyewe, tangu siku hiyo ya kubebwa mgongoni, alikuwa Mgongwe anayeishi nchini bila kibali.

Kesi ilisikilizwa kwa muda wa chai moja. Alipatikana na hatia ya kuishi Staha bila kibali kwa miaka sabini na minane mfululizo, tena bila dalili ya kujuta. Hakimu alimpa miaka miwili, akamwambia kwamba kwa bahati nzuri hatalazimika kuitumikia ugenini, maana kuna mkataba mzuri sana wa kumrudisha kwao.

Bwana Tangawizi alimwelezea mpango wote kwa upole. Ndege itatua saa nne asubuhi. Sadala atashuka, yeye atapanda. Nilikuwepo, nimeshika mhuri. Nilitegemea kilio. Bi Mwanakheri aliuliza jambo moja tu.

"Nitamwona?"

"Mtapishana, mama. Mtapishana kwa heshima zote."

"Kwa umbali gani?"

Bwana Mkurugenzi akafungua kiambatisho cha pili. Hatua nne.

Bi Mwanakheri akanyoosha mkono wake mbele, polepole, akautazama unapoishia, kisha akatazama kule mbali hatua nne zilikoweza kuwa. Akaomba zipunguzwe ziwe moja. Bwana Mkurugenzi alimweleza kwa masikitiko kwamba hatua zile zimetiwa saini na serikali mbili, na kuzipunguza kungehitaji mkutano mwingine na hoteli nyingine. Mama akafunga ushungi wake vizuri, akasema basi atakwenda, labda siku hiyo kutakuwa na jua kali, jua kali humsaidia kidogo. Mimi nilipiga mhuri mahali pasipo pake, nikalazimika kuandika barua ya kujieleza.

*

Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi ya mwezi wa tatu, na jua lilikuwepo. Waziri alikuja na msafara wa magari ishirini na mbili, kwa hiyo malango yote ya uwanja wa ndege yalikuwa wazi na vizuizi vimeinuliwa. Balozi wa Gongwe alisimama juu ya zulia lake. Pembeni yake alisimama Bwana Tangawizi, kwa ruhusa maalumu, maana alitaka aonekane kwenye picha. Mimi nilisimama nje kidogo ya zulia, nimebeba mto wa mahameli wenye mhuri juu yake.

Bi Mwanakheri aliletwa kwa gari la wagonjwa. Pingu zetu zilikuwa zimemtoka mikononi mara tatu kwa wembamba wa vifundo vyake, ikaamuliwa afungwe utepe wenye rangi za bendera. Kisha mlango wa ndege ukafunguliwa na Sadala akashuka ngazi, mtu wa miaka hamsini, kichwa kimenyolewa, anapepesa macho. Pingu zake zilivuliwa pale pale, kwa kuwa ni mali ya Mfalme. Zetu zilikuwa kwenye sanduku, zimepangiwa kufungwa baada ya nyimbo. Nikapiga mhuri: amepokelewa. Wakasimamishwa wakitazamana, hatua nne zilizopimwa kwa kamba, na nikamwona mama akikaza macho, akiinamisha shingo huku na huku kama mtu anayetafuta stesheni ya redio.

Bendi ya Magereza ikapiga wimbo wetu wa taifa, ambao ni mfupi. Ikafuata zamu ya Wimbo wa Mfalme.

Wimbo wa Mfalme una beti kumi na tisa, ubeti mmoja kwa kila mfalme aliyewahi kuketi Gongwe. Kwa kawaida hupigwa ubeti wa kwanza tu. Kiambatisho cha tatu kinasema idadi ya beti itategemea uzito wa heshima iliyopo, kwa uamuzi wa kiongozi wa bendi. Siku za mazoezi, Bwana Mkurugenzi alikuwa akipunga leso nyeupe kuashiria basi. Hakuna aliyekumbuka kwamba siku za mazoezi alikuwa huru kupunga leso.

Ubeti wa kwanza ukaisha. Sajini Limbanga akavuta pumzi na kuingia wa pili.

Waziri alikuwa amesimama wima na nzi yuko puani kwake. Askari sitini walikuwa wima. Balozi alikuwa wima, hakimu wake wima, marubani wima dirishani. Na katika uwanja mzima wa ndege wa Jamhuri ya Staha, walioweza kutikisika walikuwa wapiga bendi pamoja na mizigo miwili.

Bi Mwanakheri aligundua kabla ya mwanawe. Alipiga hatua moja. Hakuna aliyemzuia. Akapiga ya pili, ya tatu, ya nne, ule utepe ukimdondoka wenyewe, na akanyoosha mikono yote miwili akaushika uso wa Sadala, akausogeza karibu kabisa na wake. Akautazama. Alitazama paji la uso, na masikio, na kovu la kidevuni, ubeti mzima wa tatu na nusu ya wa nne.

"Umekonda," akasema.

Sadala alikuwa akilia huku amesimama wima, mikono imebana mapajani, maana wimbo ulikuwa unapigwa na yeye alikuwa ameshajifunza.

"Tikisika, mwanangu," mama akamwambia. "Twende nyumbani."

Wakaondoka. Walipita mbele ya Waziri, wakapita mbele ya gwaride, mama ameshika mkono wa mwanawe, mwendo wa mtu wa miaka themanini na moja. Walinipita karibu kiasi kwamba nilisikia harufu ya iliki. Alikuwa akimwambia Sadala kwamba yule baba wa tarumbeta alikuwa na bakuli lake, na anaona leo amelirudisha.

Kutoka kwenye zulia mpaka lango kuu ni kama robo tatu ya kilomita. Beti kumi na tisa ziliisha wao wakiwa bado kwenye matangi ya mafuta. Sajini Limbanga akafuta midomo kwa mgongo wa mkono, akatazama kule walikofika, akaanza tena na mfalme wa kwanza. Jasho lilikuwa likimtiririka, mashavu yamevimba, na nilimwona kwa pembe ya jicho tu, kwa sababu nami sikuruhusiwa kutikisika. Naomba radhi kwa mwajiri wangu, lakini nilifurahi. Nilifurahi mpaka ule mhuri ukawa unacheza juu ya mto, na ingekuwa nimesimama juu ya zulia, leo nisingekuwa naandika haya.

Aliyekuwa juu ya zulia ni Bwana Tangawizi. Aliwaona wakipita kwenye kizuizi kilichoinuliwa. Aliona kazi ya miaka kumi na moja ikitokomea mtaani kwa miguu. Katika ubeti wa sita wa mzunguko wa pili mguu wake wa kulia ulimponyoka. Ilikuwa hatua moja tu, na aliirudisha mara moja.

*

Hakimu wa Gongwe aliipima hatua ile kwa rula, papo hapo, wimbo ulipokwisha. Akapiga hesabu kwenye karatasi. Hatua moja ya mtu mzima ni sawa na mishono mia mbili na kumi. Miaka mia mbili na kumi ilionekana mingi, na kwa kuzingatia ujirani mwema Balozi aliomba ipunguzwe, ikawa saba. Bwana Mkurugenzi alikumbusha kwamba yeye ni Mkurugenzi. Akajibiwa kwamba kosa limetendeka juu ya ardhi ya Mfalme, kwenye zulia, na kwamba alikuwa amesimama hapo kwa ruhusa maalumu. Akapanda ngazi za ndege. Alipofika juu aligeuka, pengine kwa ajili ya picha.

Kwa hiyo ndege haikurudi tupu, na serikali zote mbili zilitangaza kwamba mkataba umetekelezwa kikamilifu. Bi Mwanakheri hakuhitajika tena, faili lake likafungwa. Anaendelea kuishi nchini bila kibali, sasa ni mwaka wa themanini. Kuhusu Sadala palikuwa na ubishi kidogo. Idara yetu ilikuwa na mhuri unaothibitisha kwamba amepokelewa. Gereza lilikuwa halijamwona. Kwa kuwa Staha haijawahi kupoteza mfungwa, ilikubaliwa kwamba hajapotea. Tangu siku hiyo jina lake huitwa kila asubuhi gerezani na mnyapara huitikia yupo. Mwezi wa nne alipewa cheti cha nidhamu.

Mimi hupita mtaa wa Tanuri nikienda kazini. Sadala ameweka cherehani yake barazani, na mama hukaa kwenye kiti karibu naye, karibu kuliko mkono mmoja. Mwanzoni alikuwa akimtazama tu. Anashona, mama anamtazama. Anakula, mama anamtazama, mpaka mwenyewe akawa anacheka. Mahindi yalivunwa mwezi wa saba, na macho yakazimika wiki ile ile, daktari hakukosea. Sasa anasikiliza gurudumu likizunguka, na likisimama humwuliza kwa nini limesimama. Mara moja nilimwamkia. Nilisema shikamoo, na nilikuwa njiani kwenda kazini, sijui waraka unasemaje hapo.

Idarani mambo ni mazuri kuliko wakati wowote. Tuna mfungwa mpya huko Gongwe, wa ngazi ya juu, na faili lake tumelipa rangi nyekundu. Mke wa Bwana Tangawizi huja kila Jumanne na sambusa kwenye sahani, amezifunika kwa kitambaa cheupe. Kaimu Mkurugenzi huchukua mbili kwa ajili ya uchunguzi. Shida ni ile ile ya kifungu cha tisa: ili Bwana Tangawizi ashuke, lazima Mgongwe apande, na Mgongwe hatuna.

Jana Kaimu Mkurugenzi aliniita ofisini, akanikaribisha kiti, jambo ambalo hajawahi kulifanya, na akaniuliza mama yangu alizaliwa kijiji gani. Nilimjibu kwamba sikumbuki vizuri. Akasema hakuna neno, fomu yangu ya ajira ipo, wataitafuta.

Leo alfajiri nilimwomba mke wangu anipikie vitumbua ishirini, vya iliki. Nimevitia kwenye bakuli letu zuri la kauri, nimempelekea Sajini Limbanga uani. Alitazama mfukoni, akatazama kwenye sanduku la tarumbeta. Nikamwambia asihangaike, abaki nalo.